Kovu Linaanzia Huku Juu

Manka mwanangu,

Umeenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mkono kabla jua halijazama, kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa kwenye meza ya jikoni. Nimekaa, nimeinuka kutazama maziwa, nimekaa tena, nimeenda kuvuta zipu ya begi lako kuona kama inashika, nimerudi. Baba yako amepita mlangoni akaniuliza, "Mama Manka, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kufunga mlango. Hayo mama mdogo wako Anasia ameshayasema, na atayasema kwenye simu mpaka umalize chuo. Mimi nataka kukuandikia habari za tumbo langu. Unazijua juu juu tu. Ulikuwa kidato cha pili. Ulimwona mama anakonda, ukamwona anagawa nguo zake, halafu siku moja ukamwona anacheka peke yake jikoni kama mtu aliyechanganyikiwa, na hakuna aliyekukalisha chini akakueleza kitu. Ulipokuja kuuliza nilikujibu, "Yameisha hayo." Hayakuwa yameisha kichwani mwangu, na hata leo hayajaisha.

Nianze mbali. Ulipokuwa mdogo, bado unanyonya kidole gumba na hutaki mtu akutoe, nilipata uvimbe wa saratani kwenye ovari ya kushoto. Walinipasua pale hospitali kubwa mjini, wakautoa pamoja na ovari yenyewe. Daktari wa wakati ule, mzee mmoja mpole, alikuja kitandani akaniambia: "Tumeutoa wote. Lakini uvimbe wa aina hii una tabia moja mbaya. Unaweza kukaa kimya miaka mingi halafu ukarudi. Usiache kuja kliniki."

Alisema unaweza kurudi. Mimi nilipanda kuja huku Machame nimebeba neno jingine kabisa: utarudi. Manka, nimeishi na neno hilo kama mtu anayeishi na mgeni asiyeaga. Nikipalilia kahawa lipo. Nikiimba kwaya lipo. Nikikusuka nywele lipo. Na hakuna mtu aliyenipa neno hilo. Nilijipa mwenyewe.

Baadaye, ulipoanza darasa la kwanza, likatokea lile la ng'ombe. Hilo unalijua kwa sababu bibi yako hulisimulia kwenye kila sherehe na watu hucheka: "Mama Manka alipigana mieleka na Sista, na Sista akashinda." Sista alikuwa ng'ombe wetu mweusi, mkubwa, mpole kuliko kondoo. Nilikuwa nimeinama bandani nazoa samadi. Upepo ukang'oa bati la kona, likapiga kelele, Sista akashtuka akanibana kwenye nguzo kwa ubavu wake wote. Hakukusudia. Aliponiachia nilisimama, nikacheka hata, nikamaliza kuzoa. Kisha bega la kushoto likaanza kuuma. Nilishangaa, maana alinibana mbavuni, bega halikuguswa. Nikamkatia migomba yake. Nikaanguka nikiwa na panga mkononi.

Baba yako alikuwa mlimani, anawaongoza wageni wake. Majirani walinipakia kwenye pikapu ya muuza maziwa, wakanipeleka hospitali ya misheni huku chini. Waliniambia nilipozinduka kwamba bandama ilipasuka, damu ilijaa tumboni, wakalazimika kuitoa. Walipita kwenye kovu lile lile la zamani, wakalirefusha kwenda juu. Nikashonwa, nikapona, nikarudi nyumbani. Sista tulimuuza. Na kwa jinsi kila mtu alivyocheka, mimi mwenyewe nikaanza kuliona kama kichekesho. Saratani ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Hili lilikuwa la ng'ombe.

Sasa nakuja kwenye mwaka ule.

Nilienda hospitali kwa sababu mkojo ulikuwa unaniwasha, jambo dogo la vidonge. Wakasema kwa kuwa una historia, tukupige ultrasaundi. Yule dada aliyekuwa ananipima alikuwa ananisimulia habari za harusi ya dada yake. Katikati ya harusi akanyamaza. Akarudisha kile kifaa pale pale, akabonyeza, akanyamaza zaidi. Kama kuna sauti inayotisha duniani ni ya mtu mchangamfu anayenyamaza akitazama ndani yako.

Wakanipeleka siti skani. Kisha nikaingia kwa Daktari Rehema. Wewe ulikuja kumwona baadaye, yule mama wa mjini mwenye sauti ya chini na hijabu ya kijivu, anayeandika kwa mkono wa kushoto. Akaniambia kuna vivimbe vitatu. Kimoja nyuma ya kizazi, viwili karibu na utumbo. Akaniuliza, "Umewahi kupasuliwa tumbo kwa ugonjwa wowote?"

Nikajibu, "Ndiyo, daktari. Ilikuwa ovari."

Akaandika. Akaninyooshea maneno yake taratibu, kama mtu anayetandika shuka: "Kwa historia yako, mama, tunadhani ule uvimbe umerudi."

Unaona? Tena. Alisema tunadhani. Mimi nilisikia umerudi. Na nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu: ndani ya ule woga kulikuwa na kitu kama ushindi. Nilichokuwa nimekisubiri kimekuja. Mgeni wangu alikuwa amejitambulisha. Sikuuliza swali hata moja. Nilisema, "Asante, daktari," nikatoka.

Mpango ulikuwa upasuaji mkubwa, kutoa vivimbe na pengine kipande cha utumbo, kisha dawa za saratani za kwenye mshipa. Walichukua damu nyingi ya vipimo, wakanipangia siku ya kurudi.

Baba yako alikuwa mlimani. Aliposhuka sikumwambia. Alikaa, akala, akalala, akapanda tena na wageni wengine, na mimi namkunjia soksi. Nilijiambia namlinda asije akateleza huko juu akiwaza. Hiyo ilikuwa robo ya ukweli. Ukweli wenyewe ni kwamba nikimwambia angeuliza maswali, na mimi sikutaka maswali, nilikuwa nimeshamaliza. Nilianza kugawa. Vitenge vizuri kwa Anasia. Koti kwa jirani. Nilikaa na mzee wa kanisa nikamuuliza habari za nyimbo za mazishi, kijuujuu tu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

Na wewe nikakufundisha kupika mtori. Unaikumbuka siku ile? Najua unaikumbuka. Ulikuwa unamenya ndizi polepole, unaimba, na mimi nimesimama nyuma yako kama askari. Ukamenya vibaya, ganda likabaki. Nikakunyang'anya kisu. Nikafoka, "Siku nikiwa sipo utakula nini? Utakula maganda?" Ukanitazama. Ukasema, "Mama, unaenda wapi?"

Nikakuambia osha sufuria.

Likizo ilipofika nikakupeleka Njoro kwa Anasia ukakae huko, eti ukasome masomo ya ziada. Ulibeba begi lako dogo ukapanda gari bila kugeuka. Sikukupeleka kwa ajili ya masomo, na si kwamba ulikuwa umenikosea. Nilitaka uzoee nyumba isiyo na mimi. Nilikuwa nakufanyia mazoezi ya msiba. Mtoto wa kidato cha pili, mzima, mwenye mama aliye hai anayevuna kahawa. Nimeliwaza hili mara nyingi kuliko ule ugonjwa.

Niliporudi kliniki, Daktari Rehema alikuwa hajatulia. Alikuwa na karatasi mbili mbele yake, anazisogeza, moja huku moja kule. Akasema, "Mama Manka, ule uvimbe wako wa zamani huacha alama kwenye damu. Ukirudi, alama hupanda. Yako imetulia kabisa. Picha inasema neno moja, damu inasema jingine. Mimi sipendi ugomvi wa namna hii."

Nikamwambia, "Daktari, wewe pasua tu." Fikiria, Manka. Mwenye tumbo ndiye aliyekuwa na haraka ya kupasuliwa.

Akaniambia nilale kitandani. Akalifunua tumbo, akaanza kupapasa, vidole vyake vya baridi. Akafika kwenye kovu akalifuata, kama mtu anayefuata mfongo, ule mfereji wetu wa shambani, kutafuta maji yanakotoka. Akapita kitovu. Akaendelea. Akafika huku juu, chini ya kifua, akasimama.

"Kovu linaanzia huku juu," akasema. "Ovari haiko huku juu. Huku nani alikupasua?"

"Hiyo ni ya ng'ombe, daktari."

"Ya nini?"

Nikamsimulia. Nikamsimulia kama bibi yako anavyosimulia, na mieleka yake, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alikuwa ameinama juu yangu na mkono wake bado uko kwenye kovu. Nilipofika kwenye bandama, akasema, "Subiri. Walitoa bandama yote?"

"Ndivyo walivyosema."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza habari za ugonjwa, daktari. Hukuniuliza habari za ng'ombe."

Akakaa kwenye kiti. Akavuta majibu ya siti skani akayasoma upya, na kidole chake kikaenda mstari wa mwishomwisho, pale palipoandikwa kwamba bandama haionekani. Akaugonga mara mbili. "Mstari huu nimeupita," akasema. "Macho yangu yalikuwa kwenye vivimbe." Hakusema kwa kujificha wala kwa kujilaumu. Alisema kama mtu anayesema nimesahau mwavuli, na nilimheshimu tangu dakika ile.

Kisha akanieleza. Bandama inapopasuka, vipande vidogo sana vinaweza kumwagika tumboni pamoja na damu. Vingine hufa. Vingine hupata mahali penye mishipa, hushika, hukua polepole miaka na miaka, kama kipande cha kiazi kilichodondoka shambani kikaota. Ukiviona kwenye picha, vinafanana kabisa na uvimbe uliorudi. Lakini ni nyama yako mwenyewe, haina ubaya. Si jambo linaloonekana kila siku, akasema. Alikuwa amewahi kuliona kwa mgonjwa mmoja tu, alipokuwa bado anasoma.

Nikainuka pale kitandani. "Kwa hiyo sina saratani?"

"Sijasema hivyo," akasema. "Sijui bado. Jana nilikuwa na jambo moja mkononi. Leo nina mawili. Nataka nijue lipi ni lipi kabla sijagusa utumbo wako."

Upasuaji mkubwa ukaahirishwa. Badala yake wakanifanyia ule wa tundu dogo, wanaingiza kamera, wanaangalia, wanachukua kinyama cha kupima. Aliponiona baadaye aliniambia vilikuwa vya rangi nyekundu iliyokolea, laini, vinavuja damu kwa kuguswa kidogo tu, na kwamba yeye ana mawazo yake lakini atangoja maabara.

Manka, kungoja kule. Nilipojua nakufa nilikuwa nimetulia kama jiwe la mtoni. Nilipopewa tumaini ndipo nilipochanganyikiwa. Nilifua nguo safi. Nilipalilia pale nilipokuwa nimepalilia. Nilienda mpaka kwenye mfongo nikarudi bila maji. Simu ikilia nilikuwa naitupa kitandani kama imeniunguza. Nilimchukia Daktari Rehema. Nilisema huyu mama kwa nini hakuniacha na msiba wangu niliokwisha kuuzoea? Nimegundua kwamba mtu anaweza kuling'ang'ania jambo baya kwa sababu tu analijua, na akalikimbia jambo jema kwa kuwa halina uhakika. Sijui kama hilo ni somo. Ndivyo nilivyokuwa.

Nilienda kuchukua majibu peke yangu. Alinisomea maneno ya kitaalamu, akaona uso wangu, akaweka karatasi chini. "Ni bandama yako," akasema. "Hakuna chembe ya saratani kwenye tulichochukua."

Nikauliza, "Mnavitoa lini?"

"Hatuvitoi. Wewe huna bandama nyingine. Hivi vinakusaidia kidogo kupambana na magonjwa. Walioitoa walidhani wameimaliza, kumbe ilibaki inajipanda upya."

Ungetegemea niruke. Sikuruka. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, nikashikwa na hasira mpaka meno yakagongana. Hasira ya vitenge. Hasira ya mtori. Ya wewe kupanda gari bila kugeuka. Nilikuwa nimetumia miezi nikiwa maiti, na hakuna aliyeniua.

Sikwenda nyumbani. Nilijua baba yako anashuka siku ile, nikaenda kumngoja kwenye lango la mlima. Alitokea na vumbi mpaka kwenye kope, amebeba begi la mgeni mmoja aliyechoka. Sikumpa hata pole ya safari. Nikasema pale pale, "Baba Manka, nilikuwa nakufa, sasa sifi."

Akaweka begi chini. Akasema, "Ulikuwa unakufa lini?"

Nikamweleza yote, tumesimama, wapagazi wanatupita wanaimba. Sikuwahi kumwona baba yako amekasirika kiasi kile, na hakupaza sauti. Tulipanda kuja nyumbani. Alioga, akala, ndipo akasema, "Huko juu, anayelalamika kichwa kinamuuma namteremsha kidogo, anapumzika, kesho anaendelea. Anayeficha ndiye ninayemshusha amebebwa. Nimeifundisha habari hii kwa wageni wa dunia nzima. Mke wangu analala pembeni yangu."

Kesho yake tulienda Njoro kukuchukua. Ulitoka ukasema, "Shikamoo mama," kwa sauti ya mtu anayemsalimia mwalimu wa zamu. Nikakukumbatia ukasimama kama mti. Ilichukua muda, unakumbuka, mpaka ukaanza tena kuniletea hadithi za shule bila kuulizwa. Ulinirudia kidogo kidogo, kwa wakati wako, na ilikuwa haki yako.

Sasa unaenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo, na watu wananipongeza, na mimi nacheka nikimkumbuka Sista. Utakuwa na wagonjwa wasiosema. Utamshika ng'ombe, utamtazama, na wa kukueleza atakuwa mwenye ng'ombe, mtu kama mimi. Atakupa nusu. Hatakuwa anakudanganya. Atakupa ile nusu anayodhani unaitaka. Nusu nyingine ataiona ni habari ya kuchekesha, au ya aibu, au ya siku nyingi. Sina la kukufundisha kuhusu dawa. Ninachojua ni jinsi mtu anavyokaa mbele ya daktari akiwa na jibu tumboni na asilitoe, kwa kuwa hajui kuwa ni jibu. Ukiona mambo mawili yanagombana, kumbuka yule mama wa hijabu ya kijivu alivyokaa akizisogeza karatasi zake. Hakuona haya kutojua.

Nimeinuka tena. Nimetia maziwa kwenye chupa, nimerudi. Kuna lililobaki, na ndilo limenifanya nizunguke leo nzima kama kuku anayetaka kutaga.

Unajua huwa naenda kuangaliwa kila mwaka, maana ule uvimbe wa kwanza bado una tabia yake, na kupata bandama hakukuufuta. Mwezi uliopita walinipiga picha. Kimoja cha vivimbe, kile cha nyuma ya kizazi, kimeongezeka. Daktari Rehema anasema inawezekana ni bandama inakua tu, hukua. Anasema pia inawezekana si bandama. Damu wameshachukua, majibu yake hayajatoka. Alhamisi ijayo naenda kusikia. Baba yako anajua tangu siku ile ile niliyopigwa picha. Amekataa safari ya wageni ili aende na mimi, na ametangaza kwamba ataingia ndani chumbani kwa daktari na ataniuliza mbele yake kama nimesema yote.

Nakuambia leo, kabla hujapanda basi, nikijua utataka kubaki. Usibaki. Sikukuandikia ili ubaki. Nimekuandikia kwa sababu mara ile nilikufungia nje ya mwili wangu kana kwamba haukuhusu, na wewe ulitoka humu humu.

Naogopa, Manka. Siyo ule woga wa kujua mwisho. Huu ni wa kutojua, na hauniachi nikae. Lakini bado nakula, nguo zangu ziko kabatini, na sijamgawia mtu kitu.

Alhamisi nitakupigia nikitoka tu kwa daktari, nikiwa bado kwenye benchi la nje. Usiniulize kama niko salama, maana nitajibu ndiyo, nina mdomo mwepesi kwa hilo. Niulize, "Mama, daktari amesema neno gani?" Nami nitakutajia neno lenyewe, kama alivyolisema, bila kupunguza na bila kuongeza.

Mama yako,
anayekusikia ukipanda kilima sasa hivi, unacheka na bibi yako ambaye nilidhani umeshamuaga.